Tunda Lisilo na Doa

Nyuki wa Elkana walikufa katika wiki ya mavuno. Jirani huyo, mseja wa makamo asiyependa maneno mengi, alibisha mlango wa jikoni kwa Yemima asubuhi na mapema, amekumbatia beseni la plastiki. Yemima alidhani kaletewa asali ya sikukuu kama ilivyokuwa desturi ya kila mwaka, akafuta mikono upesi ili ampokee. Ndani ya beseni mlikuwa na nyuki watupu. Walikuwa wamerundikana kama kunde zilizopurwa, wakavu, mabawa yametanuka, na kila mmoja ametoa ulimi nje.

"Mama Tirza," Elkana akasema, "mwulize mumeo anapulizia nini huko juu shambani."

Hakugomba wala hakuinua sauti, na utulivu wake ndio uliomtia Yemima ubaridi. Aliliweka beseni juu ya kizingiti, akarudi kwake kwa kufuata ukingo wa barabara, kana kwamba hakutaka hata kuukanyaga udongo wa wenzake.

Shamba lenyewe lilikuwa mlimani, nyuma ya nyumba. Aliyelianzisha ni baba mkwe wa Yemima, aliyefika kutoka Yemen na mbegu za etrogi, tunda la jamii ya limau, zimeshonewa kwenye upindo wa kanzu. Etrogi za mzee yule zilikuwa kubwa kama kichwa cha mtoto, zina mabaka na vinundu, na hakuna aliyejali. Watu walizikata vipande, ganda nene na yote, wakazichovya kwenye chumvi na pilipili, wakala wakiwa wamekaa kibandani siku zote za Sikukuu ya Vibanda. Mzee alipofariki, mwanawe Zekaria aliing'oa miti ile akapanda ya aina nyingine, inayozaa tunda dogo lenye kiuno na chuchu nchani. Hilo ndilo wanalolitaka wacha Mungu wa ng'ambo. Siku ya sikukuu mtu hulishika tunda hilo mkono mmoja, mkono wa pili kuti changa la mtende pamoja na vitawi vya mhadasi na mierebi, akavitikisa mbele ya Mungu wake. Na tunda la kupelekwa mbele ya Mungu halitakiwi kuwa na doa.

Kila mwaka mnunuzi, Bwana Feivel, alikuja na kioo cha kukuzia, akaketi ghalani na kugeuza etrogi moja baada ya nyingine kwenye mwanga wa dirisha. Akiona alama karibu na chuchu, hata kama ni ndogo kama punje ya ufuta, tunda hilo hulitupa kapuni bila kuinua macho. Kapu hilo la yaliyokataliwa lilikuwa la Yemima. Alipika jemu.

Jemu yake ilijulikana kijiji kizima. Tangu zamani watu waliamini kwamba mwanamke mwenye mimba akila jemu ya etrogi atajifungua bila taabu, na Yemima hakumnyima mtu. Ukisikia fulani ana mimba, basi jua Yemima keshapita na chupa, amesimama mlangoni kwa fulani akimsisitizia ale kijiko kimoja asubuhi kabla ya chai. Tirza, binti yake wa pekee, ndiye aliyepata nyingi kuliko wote. Tirza aliishi mjini na mumewe Asaf, akifundisha katika shule moja yenye bustani, ambako watoto walipanda mboga na kujifunza chakula kinatoka wapi. Mimba yake ya kwanza ilitoka. Ya pili nayo ikatoka, ikiwa imeshaanza kucheza. Mara zote mbili Yemima alimpelekea jemu kila wiki.

Siku ile ya nyuki, Zekaria aliporudi kula mchana, Yemima alimwonyesha beseni.

"Nyuki hufa," Zekaria akasema, akivuta kiti. "Hata mimi nitakufa."

"Unapulizia nini?"

"Dawa."

"Dawa gani?"

"Dawa ya wadudu, Yemima. Si ya kikohozi."

"Mbona madumu yenyewe hayana maandishi?"

"Ya nini? Wadudu hawajui kusoma."

Akacheka peke yake, kisha akaona mkewe hacheki. Hapo akaanza kueleza, kwa sauti ya mtu anayemweleza mtoto. Ile dawa ya dukani wadudu walikuwa wanainywa kama chai. Mwaka ule wa harusi ya Tirza mavuno yote yalitoka na madoa, Bwana Feivel akaondoka na gari tupu. Ndipo akaja mtu mmoja mwenye gari lililofunikwa turubai, akamwuzia madumu yale. Tangu hapo hakuna mdudu aliyethubutu kupanda mlima ule. Walioipiga marufuku dawa hiyo ni watu wa ofisini wasiojua etrogi na limau vinatofautianaje. Akamaliza kula, akaondoka. Bakuli lake la supu aliliacha limezungukwa na matone, na mkate aliouchovya ulikuwa umedondoka mezani. Yemima alipangusa bila kuwaza. Siku hizi mumewe alikuwa akimwaga sana chakula, na yeye alidhani ni uzee.

Baadaye alifungua kabati kutoa chupa za mwaka uliopita, ajaze vibakuli vya sikukuu. Moja ikamponyoka, ikavunjika kwenye sakafu. Kabla hajaifagia akaitwa nje na wale waliokuja kumsaidia Zekaria kuezeka kibanda kwa makuti; walitaka kamba. Akatafuta kamba, akawapa maji, akasimama nao kidogo. Aliporudi alikuta sisimizi wameshaingia kwa mlango wa uani, kama wanavyoingia kila penye tone la sukari. Msafara wao ulitoka kwenye kizingiti ukielekea kwenye chembe za mkate chini ya meza. Katikati ya njia lilikuwapo dimbwi la jemu, la rangi ya kaharabu, sukari tupu. Sisimizi walilifikia, wakagawanyika mikondo miwili, wakalizunguka mbali kiasi cha upana wa kidole, kisha wakaungana tena upande wa pili. Hakuna hata mmoja aliyeonja.

Yemima alichuchumaa akatazama kwa muda mrefu, magoti yakamuuma. Alikumbuka kwamba ndege wale, shore, hawaimbi tena shambani. Alikumbuka pia kwamba etrogi zilizodondoka chini ya miti hazikuwa na funza, wala hazikuoza, zilikauka tu na kubaki njano. Alikuwa akiziokota na kuzisifu.

Alifagia, akadeki kwa maji ya moto, akadeki tena. Chupa zilizobaki hakuzitupa. Angezitupa ingebidi ajiambie ni kwa nini, na hakuwa tayari kulisikia jambo hilo hata kutoka kinywani mwake mwenyewe. Alizisukuma nyuma kabisa ya kabati, nyuma ya gunia la unga, akafunga mlango.

Tirza na Asaf walifika jioni ya mkesha, mabegi mkononi, kabla jua halijatua na kazi zote kukoma. Binti alikuwa amenawiri. Yemima alimtazama anavyoshuka garini, mkono mmoja umeegemea kiunoni, na moyo wake ukaruka kwa furaha na papo hapo ukaanguka. Hakuuliza. Walikuwa wameshakubaliana kimyakimya, tangu ile ya pili, kwamba mama asiulize.

Asubuhi yake wote walikwenda sinagogi. Kutoka nyuma ya kimia cha mbao kinachowatenga wanawake Yemima aliwaona wanaume wamesimama safu kwa safu, kila mtu na kuti lake la mtende na etrogi yake. Wakati wa kutikisa ulipofika, makuti yote yalichacharika kwa pamoja kama mvua inayoanza. Ulipofika wakati wa kutulia, yakatulia. Isipokuwa moja. Katikati ya wanaume kuti moja liliendelea kutetemeka, tetemeko dogo lisilokoma, na Yemima alijua ni la nani kabla hajalitazama. Zekaria alikuwa ameubana mkono wake kifuani ili usionekane. Etrogi aliyoishika ilikuwa nzuri kuliko zote mle ndani.

Mchana waliketi kibandani, chini ya makuti, madoa ya jua yakicheza juu ya kitambaa cha meza. Kulikuwa na supu ya kongoro, uwatu uliopigwa mpaka ukatoa povu, na mikate ya moto iliyofunikwa. Zekaria alikuwa mchangamfu. Alimtania Asaf kwamba watu wa mjini wanadhani kuku huzaliwa bila manyoya. Tirza akamjibu baba yake kwamba hayo ndiyo anayowafundisha watoto. Alikuwa amewaambia kwamba hii ni sikukuu ya mavuno kwanza, na kwamba mtu anatolewa kwenye nyumba ya mawe akakalishwa chini ya majani ili ale akikumbuka chakula kilimfikiaje, na ni kitu gani kidogo kinaweza kumwondolea.

"Watoto wenyewe walisemaje?" Zekaria akauliza.

"Mmoja aliuliza, je, na sisi tukiiharibu ardhi, tutahamia kibanda cha nani."

Zekaria akacheka sana. Tirza hakucheka. Alimshika mama yake mkono chini ya meza, akasema polepole kwamba ana mimba, kwamba imepita pale ilipofika ile ya mwanzo, na kwamba safari hii daktari ana matumaini.

Zekaria alisimama akabariki kwa sauti, machozi yakimtoka. Yemima alimkumbatia binti yake na kumbusu kichwani, na katika kumkumbatia huko alikuwa akifikiria kabati. Alijiambia kwamba wageni wakilala mchana atazitoa chupa zote na kuzimwaga. Alikuwa bado anapanga hivyo wakati Tirza aliponyanyuka kwenda jikoni kuchukua chumvi.

Alirudi na chumvi mkono mmoja. Mkono wa pili alikuwa na chupa.

"Mama, safari hii umenificha? Nimeikuta nyuma ya unga, kama vile ni ya wezi." Alikaa, akafungua kifuniko, akachukua kijiko. "Haya. Mjukuu wako anataka haki yake."

"Weka chini," Yemima akasema.

"Kijiko kimoja tu. Wewe mwenyewe ulikuwa unaniambia..."

"Tirza, weka chini."

Yemima hakukumbuka baadaye alivyonyanyuka. Alikumbuka kijiko kikigonga sahani, na jemu ikiburuzika juu ya kitambaa cheupe, na nyuso zote zikimgeukia. Ndipo akasema. Alisema habari za nyuki wa Elkana, za madumu yasiyo na maandishi, za sisimizi. Maneno yalitoka machache na makavu, na yalipokwisha yalisikika makuti tu yakichakarisha juu.

"Mwanamke anatafuta unabii kwa sisimizi," Zekaria akasema. Uso ulikuwa umemwiva. "Miaka yote hii watu wanakula. Nani amekufa? Nipe hapa."

Akaivuta chupa, akachota kijiko kikajaa. Alitaka kuwaonyesha. Lakini mkono ulikuwa na mambo yake. Kijiko kilitetemeka njia nzima kutoka mezani hadi kinywani, kikagonga meno, kikagonga tena, na jemu ikamtiririka kwenye ndevu nyeupe. Alimeza. Akakaa anawatazama, mkono bado uko hewani, ukicheza wenyewe kama kitu kisichokuwa chake.

"Baba," Tirza akauliza, "huo mkono umeanza lini?"

Zekaria aliushusha mkono akaukalia, kama mtoto.

Tirza akamgeukia mama yake. Alikuwa ametulia, na Yemima alitamani angelia.

"Na wale wawili, mama?"

"Sijui, mwanangu."

"Lakini ulikuwa unaniletea."

"Nilikuletea."

"Kila wiki." Tirza alitazama lile baka kwenye kitambaa. "Mimi siipendi jemu hii. Sijawahi kuipenda, ni chungu. Nilikuwa nafumba macho naimeza kwa sababu wewe ulisema itamsaidia mtoto."

Yemima alitaka kusema kwamba hakuna ajuaye, kwamba mimba hutoka kwa sababu nyingi, kwamba hata daktari hakusema lolote la sumu. Yote hayo yalikuwa kweli. Hakuweza kusema hata moja. Asaf alikuwa amekwenda bombani, ananawa mikono, ananawa tena. Jua lilipotua na ruhusa ya kusafiri ikarudi, wakapakia mabegi. Tirza alimbusu mama yake shavuni. Hakumkaribia baba yake, na Zekaria hakutoka kibandani kuwaaga.

Siku zilizofuata, wakati watu wanatembeleana kwenye vibanda na kula mbegu za maboga, Yemima alitembea na kapu nyumba kwa nyumba. Hakutaka kupeleka habari kwa simu. Kila mlango alisema lile lile: ile jemu msile, nirudishieni. Wengine walicheka wakidhani ni mzaha wa sikukuu. Wengine walimrudishia chupa bila kumtazama usoni, kwa kuwa habari za nyuki zilikuwa zimeshatembea. Mwanamke mmoja alimwambia kwamba miaka yote alikuwa akijiuliza kwa nini mwanawe wa mwisho amechelewa kusema. Alisema hivyo tu, akafunga mlango.

Nyumba ya Ofra aliiacha mwisho. Ofra alikuwa msichana tu, aliyeolewa mwaka juzi, na tumbo lake lilikuwa limeshashuka. Alimkaribisha Yemima kwa furaha, akamwambia akae, akamwuliza kama kapu hilo lina zawadi yake.

"Chupa niliyokupa iko wapi, mwanangu?"

"Imekwisha zamani, mama Yemima. Nilikuwa nakula na mkate, mpaka nikailamba." Ofra alitabasamu. "Una nyingine?"

Yemima alimweleza. Wakati anaeleza aliuona mkono wa msichana ukishuka taratibu ukatulia juu ya tumbo, ukabaki hapo.

Kesho yake alipiga simu kwa Bwana Feivel. Zekaria alikuwa amekataa kupiga. Alisema mwakani atapunguza dawa, na kwamba masanduku yameshavuka bahari, hakuna wa kuyarudisha. Mnunuzi alimsikiliza Yemima kwa adabu mpaka mwisho.

"Mama," akasema, "etrogi si ya kula. Ni ya kushika."

"Na sikukuu ikiisha wake zenu huzifanya nini?"

Bwana Feivel akasema kwamba anaitwa, na simu ikakatika. Yemima alibaki ameishika, akiwawazia wanawake asiowajua, katika miji ya baridi asiyoijua, wakitoa sufuria zao za jemu kuziosha.

Siku ya mwisho ya sikukuu ni siku ya kuombea mvua. Kiangazi kilikuwa kimekuwa kirefu, ardhi imepasuka, na sinagogi lilijaa hadi mlangoni. Ofra hakuwepo, alikuwa amepelekwa hospitali tangu jana yake, na hakuna aliyejua zaidi. Elkana alikaa peke yake karibu na dirisha. Mwimbishaji alivaa joho jeupe, akaanza kuomba kwa sauti ile nzito inayotumika mara moja kwa mwaka, akiomba maji kwa ajili ya baraka na si kwa laana, kwa ajili ya uhai na si kwa mauti. Baada ya kila ombi watu wote waliitika amina, wanaume kwa wanawake, na jengo lilitikisika.

Yemima alifungua kinywa kuitika. Kupitia dirishani alikuwa anauona mlima wao, miti imepangwa safu, majani yake yanang'aa kwa vumbi jeupe la dawa ya miaka. Chini ya mlima, pale mteremko unapoishia, palikuwa na nyumba ndogo ya pampu na kisima ambacho kijiji kizima kilikunywa maji yake. Alikifunga kinywa bila kusema amina, akafunika uso kwa viganja. Mwanamke aliyekaa pembeni yake alimtazama, akadhani analia kwa ajili ya binti yake, akamshika bega.

Mvua ilikuja siku ile ile alasiri, mapema kuliko ilivyotarajiwa. Watu walitoka nje wakasimama wakilowa, wakicheka, wakikinga viganja. Harufu ya udongo ilipanda, na ndani yake mlikuwa na harufu nyingine, kali, kama ya mafuta ya taa, ambayo upepo uliibeba mara moja kisha ikapotea. Zekaria alisimama kwenye kibanda kilichoanza kuvuja, kichwa amekiinua. "Baraka hii," alisema, hakusema na mtu.

Simu ya Yemima ililia, na siku takatifu kama ile haipigwi simu ila kwa jambo la uhai. Alikuwa Tirza. Alisema wametoka hospitali, daktari ameusikia moyo wa mtoto, unapiga, vipimo vingine majibu yake bado. Sauti yake ilikuwa ya mbali na ya heshima, kama anazungumza na mkwe. Kisha akauliza kelele hizo ni za nini.

"Mvua," Yemima akasema. "Imeanza huku."

Tirza alikuwa mwalimu wa mambo hayo hayo; hakuhitaji kuelezwa. "Mama," akasema, "msinywe maji ya bomba."

"Nani atawaambia watu?"

"Waambie wewe."

Yemima alitupia shali kichwani akatoka. Maji yalikuwa yameshaanza kuteremka kati ya safu za miti, ya rangi ya maziwa yaliyochanganywa na udongo, yakitafuta njia ya chini. Barabarani watu walikuwa wametoa ndoo na sufuria wakizipanga chini ya mapaa, na waliokuwa na kiu walikuwa wameshafungua mabomba ya uani. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Elkana. Alimkuta amesimama mlangoni anautazama mlima, na alipomwona anakuja aliingia ndani akachukua koti lake, akatoka, wakaenda pamoja mlango wa pili.